Vipimo vya Wapambe Sita

Maji hayakuwa mengi, bakuli moja tu la kunyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Lakini kicheza muziki cha shangazi kilitumbukia chote, na binti alipokitoa kilikuwa kinachuruzika.

Alikuwa amekatazwa kukigusa, akakigusa ili asikilize nyimbo mbili tatu wakati shangazi amekwenda kununua zipu. Shangazi alikuwa fundi cherehani mwenye jina mtaa mzima, na hakujua kuandika. Siri hiyo walikuwa nayo wawili tu. Akimpima mteja, alikisogeza kidude hicho mdomoni kirekodi sauti yake, na kutaja kifua, kiuno, nyonga, urefu. Wateja walidhani ni mbwembwe. Humo sasa walikuwamo wapambe sita wa harusi ya Jumamosi, na shangazi akirudi tu, anakata kitambaa.

Binti alikifuta kwa upindo wa gauni, akakikung'uta, akakipuliza. Taa iliwaka ila vitufe vikagoma. Akavibonyeza vyote kwa pamoja. Hapo kioo kikaandika neno la kigeni lenye alama ya kuuliza, na chini yake maneno mawili ya kuchagua. Shule aliiacha darasa la nne. Herufi alizijua, lugha ile hakuijua. Alivuka barabara mbio, kidole gumba kikiwa juu juu, kisiguse kitu.

"Leo bubu wa cherehani kaja mwenyewe!" alisema fundi redio. "Sema basi, au nikusome usoni?"

"Kaka, ki... kimelowa."

Fundi alikigeuza. "Kinauliza kifute kila kitu kianze upya. Ndiyo dawa yake. Nibonyeze?"

"Usibonyeze!"

Sauti ilimtoka kubwa hadi mwenyewe akashtuka.

"He! Kumbe spika unayo."

Fundi akachagua neno la pili, akafungua mgongo, akapitisha brashi, akaunga betri nyingine kwa nyaya. "Tundu la visikilizio limejaa maji, kitasikika kwa nje. Na kikizima safari hii, mimi simo. Unatafuta nini humo?"

Akisema, anamvua shangazi nguo mbele ya mtaa. Asiposema, harusi imekwenda na maji.

"Nipe kalamu na karatasi," alisema. "Halafu, kaka... toka nje kidogo."

"Nafukuzwa kibandani kwangu!" Lakini alimsoma usoni, akatoka, akasimama ng'ambo akipiga mluzi.

Sauti ya shangazi ikaanza, nyembamba, kama ya mtu aliye kisimani: wa kwanza, yule mwenye mwanya, kifua thelathini na sita... Binti aliandika huku jasho likidondokea karatasi. Kwa mpambe wa tano sauti ikakwaruza, ikameza kitu, ikarudi. Baada ya wa sita kioo kikawa cheusi.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameshatandaza kitambaa mezani. Binti alimwaga yote kwa pumzi moja: alikigusa, kikalowa, kimekufa, ameandika.

Shangazi aliuliza, "Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu. Fundi nilimtoa nje."

"Ulimtoa? Wewe?" Akachukua mkasi. "Soma. Polepole, nikishakata nimekata."

Binti akasoma, mkasi ukatembea. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa wa tano macho yakagota kwenye kiuno: palikuwa na tatu ya thelathini, na mbele yake patupu. Angeweza kutia nne. Angeweza kutia nane. Chochote atakachosema, shangazi atakata.

"Shangazi, kiuno cha huyu sikukisikia."

Mkasi ulisimama. Binti akasubiri kelele, akasubiri kuambiwa akusanye nguo zake.

"Ungenitajia namba yoyote, nisingejua," shangazi alisema taratibu. Akakitazama kitambaa, akasogeza chaki vidole vitatu nje. "Tumkatie mpana. Ijumaa akija kujaribu tutambana. Haya, nyonga yake?"

Binti aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma.