Qali Alishushwa Mpakani

Jioni vumbi la mtaa wetu wa Mbotela lilipanda, likaning'inia juani, na ndani yake ulikuwa wewe, Qali, mrefu, baibui umelifunga kiunoni, mpira ukidunda chini ya kiganja chako.

Ulitoka Mogadishu vita vilipoanza. Huko ulicheza mpira wa kikapu kwa jina la nchi yako. Huku mchana uliuza vitambaa, na jioni ulitufundisha na kucheza nasi: mimi Kavindu, Koki kapteni wetu, wasichana wa mtaa wenye ringi isiyo na wavu.

"Usiangalie mpira," ulituambia. "Mwangalie mwenzako."

Tukakuangalia wewe. Tukakupenda wewe.

Mwaka wa tisini na sita, redio zote za mtaa zilikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Mtangazaji alisema michezo haina mipaka, na sisi, tulioalikwa kwenye mashindano Kampala, tukamwamini. Tuliimba ndani ya basi njia nzima. Hukuyajua maneno, Qali, ukapiga makofi.

Mpakani askari akapanda basi. Akakukazia macho.

"Kitambulisho?"

Ukampa karatasi yako ya ukimbizi, imechakaa mikunjoni.

"Hii haivuki. Shuka."

"Basi tunashuka sote," Koki akasema.

Ukamshika bega, ukamketisha. "Nchi yangu haina timu tena, Koki. Nyinyi mnayo. Nendeni mkacheze."

Ukashuka. Basi likaondoka, nikakuona kupitia dirisha, umesimama na begi lako, ukitupungia mkono kama mwenyeji anayeaga wageni.

Roseline, mchezaji wa akiba, alicheza mahali pako. Tulishinda, Qali. Tulishinda tukilia, na watu wa Kampala wakadhani ni furaha.

Tuliporudi, mlango wako ulifunguliwa na mpangaji mgeni. Jirani akatuambia, "Walimkamata akirudi. Wamempeleka kambi ya wakimbizi, kaskazini huko mbali."

Tukamuuliza kila dereva wa lori atokaye kaskazini; hawakulijua jina lako. Tukauliza tena.

Jumapili tuliingia uwanjani wanne, mahali pa watano. Roseline alikaa pembeni. Hakuitaka nafasi yako. Koki akadaka mpira, akageuka, akautupa kwa nguvu upande wa kushoto, upande wako, kwa mazoea tu.

Mpira ukapita pasipo na mtu, ukavuka mtaro, ukaingia barabarani.

Hakuna aliyeufuata.