Barua kwa Nyapara

Mama alikuwa akitafuta penseli tu. Akafungua begi la shule la binti yake, na humo, katikati ya daftari la hesabu, akakuta barua kwa mtu aliyemfanya mjane.

Karatasi ilikunjwa mara nne. Mwandiko wa mtoto wa miaka kumi, herufi kubwakubwa, mistari inapanda mlima kila inapokaribia ukingoni. Juu kabisa: Kwa Nyapara. Mama hakufika mstari wa pili. Damu ilimchemka mpaka masikioni.

"Hii ni nini?"

Binti alikuwa anaosha vyombo. Akageuka, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. "Ni ya shule ya Jumapili, mama. Mwalimu alisema Yesu anataka tuwapende adui zetu, kwa hiyo kila mtu amwandikie adui wake. Wenzangu wamewaandikia watu waliowanyang'anya rula. Mimi sina adui wa rula."

Mama alimwambia amalize vyombo. Akaikunja ile karatasi, akaisokomeza mfukoni.

Mume wake alikuwa mwashi. Mwaka uliopita alianguka kutoka ghorofa ya tatu, jukwaa la mbao lilipokatika chini ya miguu yake. Siku mbili kabla ya hapo alirudi nyumbani amekunja uso, akawa anavua viatu huku anasema, "Nimemwambia nyapara mbao zimeoza. Kanicheka, eti naogopa." Akazikwa. Wakaguzi walipokuja kuuliza, nyapara alisimama mbele yao akaapa kwamba marehemu alipanda jukwaani amelewa. Mwashi, ambaye hata soda ilimpanda puani! Maneno hayo yakaandikwa, yakagongwa muhuri, yakawa ndiyo kweli. Na kila Jumapili nyapara aliketi kanisani, benchi la pili kutoka mbele, shati limenyooka kama ubao, akiimba besi mpaka madirisha yanatetemeka.

Kesho yake mama alipiga pasi mashuka ya hospitali kama mtu anayepigana nayo. Wenzake wa chumba cha kufulia walimwona alivyovimba, wakampisha. Kazi ilipokwisha hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi viatu, mzee aliyefundisha watoto Jumapili, ambaye kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka. Hakutoa shikamoo.

"Nani alikuruhusu kumfundisha mwanangu ampende muuaji wa baba yake?"

Fundi alikuwa ameshika misumari midogo kwa midomo. Akaitema kiganjani, mmoja mmoja. "Sikumtajia mtu yeyote, mwanangu. Nilisema adui tu."

"Na ulidhani watoto wana adui wa aina gani? Wa kwenye picha za kupaka rangi?"

"Agizo ni la Bwana. Sikulitunga mimi."

"Najua ni la Bwana! Nimelisikia tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Nakuuliza, mbona mnampelekea mtoto peke yake? Yule mkubwa wa benchi la pili, kuna aliyemfuata akamwambia hata neno moja? Wewe mzee ulikuwepo mazishini. Ulimjua mume wangu, viatu vyake vya kazi ulivishona wewe. Ukasikia anaitwa mlevi. Ulisema nini?"

Fundi alitazama misumari yake. "Sikusema kitu."

"Hukusema kitu. Halafu ukachukua mzigo uliokushinda, ukamtwika mtoto."

Mteja aliyekuwa anakuja na kiatu kimoja mkononi aliona hali ya hewa, akageuza. Mzee akaiweka misumari kwenye kopo.

"Umeisoma hiyo barua?" akauliza.

"Ya nini kuisoma?"

"Mimi sijaisoma. Niliwaambia kila mmoja apeleke yake mwenyewe. Isome kwanza, mama. Ukimaliza nitukane unavyotaka, mimi sitoki hapa."

Akaitoa mfukoni, akaisoma palepale, amesimama.

"Kwa Nyapara. Shikamoo. Baba yangu alikuwa halewi na wewe unajua. Nimekukasirikia sana. Mwalimu anasema nikupende. Sijui mtu anampendaje mtu mzima mwongo, lakini kila siku nakuombea usianguke. Nakuombea pia useme kweli, kwa sababu nafikiri ukisema uongo hulali vizuri. Mama naye halali vizuri na yeye hajasema uongo. Mimi, binti wa mwashi."

Mama alikuwa ametazamia unyonge, yale maneno ya kusameheana ambayo watu wazima huwafundisha watoto ili wao wapate amani. Hayakuwemo. Machozi yakamtoka, na kila alipoyafuta hasira ilizidi. Akamtupia mzee karatasi, naye akaisoma. Alipoirudisha hakuweza kumtazama usoni.

"Atampa," mama akasema. "Na mimi nitakuwa nyuma yake."

Jumapili ibada ilipokwisha, nyapara alikuwa mlangoni anapeana mikono na watu. Binti akamfuata, akamwamkia, akampa karatasi. Nyapara alitabasamu, akidhani ni kadi ya watoto. Tabasamu lilimwishia mstari wa kwanza. Alimaliza kusoma, akainua macho yakampita mtoto, yakamfikia mama.

"Wewe ndiye umemfundisha mtoto utovu huu wa adabu?"

"Si mama," binti akajibu. "Mwalimu ametufundisha kupenda. Maneno ni yangu."

Watu walikuwa wamesimama, wengine wanajifanya kutafuta miavuli. Fundi viatu akapenya katikati yao, jasho linamtoka. "Nimewafundisha mimi," alisema. "Nami nilipaswa kukuambia tangu mwaka jana, nikaogopa. Mwashi alikuwa halewi. Sote hapa tunajua."

Hakuna aliyebisha. Nyapara aliitia barua mfukoni, akasema hajaona kanisa lisilo na heshima kama hilo, akaondoka.

Hakukiri, wala muhuri haukufutwa. Ila wiki mbili baadaye waashi walileta habari mtaani: nyapara ametupa mbao zote mbovu, na kila asubuhi anapanda jukwaani mwenyewe, anakanyaga ubao mmoja baada ya mwingine kabla hajamruhusu mtu. Majirani walimletea mama habari hizo wakitegemea atafurahi. Akang'aka.

"Kumbe alikuwa anajua mbao zinavyokaguliwa! Alikuwa anajua!" Akaingia ndani, akabamiza mlango.

Asubuhi moja, chai ikiwa mezani, binti akaomba kama kawaida yake. Akamtaja bibi, akawataja wagonjwa, akafika pale ambapo mama alikuwa akinyamaza sikuzote.

"Na nyapara asianguke."

"Na aseme kweli," mama akasema, sauti kavu.

Binti hakufumbua macho. Alikuwa anangoja.

"Haya. Na asianguke," mama akaongeza, meno yamekazana, kisha akamwambia anywe upesi, kengele ya shule haimngoji mtu.