Pumzi ya Profesa

Pale chuoni walimwita Tulizana, kwa sababu mtu yeyote akianza kuhaha mbele yake, yeye humwambia tulizana. Mwaka huo aliyekuwa akihaha ni yeye, ingawa kimyakimya. Mtihani wake wa udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano, ulishaahirishwa mara kadhaa, na safari hii wakubwa walisema imetosha: ama awashe taa mbele ya watahini, ama afungashe virago.

Taa yenyewe ni kipande cha kioo kama stempu ya barua. Unakiosha, unakikausha, unakiweka juu ya mashine inayozunguka kama pia, kisha unadondosha tone la dawa ya rangi ya chungwa. Dawa hiyo ni jamii ya plastiki, imeyeyushwa. Kioo kikizunguka, tone linatawanyika na kuacha utando mwembamba kuliko ule unaoshika juu ya maziwa yakipoa, mwembamba mno. Ukikaushwa kwenye bamba la moto, ukapakwa madini juu na kuungwa nyaya, basi plastiki inatoa mwanga wa kijani. Plastiki, ndugu yao ndoo na beseni.

Lakini taa za Tulizana zilitoka na madoa meusi kama mtu aliyeugua ndui. Alibadilisha dawa, akabadilisha sabuni, akaosha vioo mpaka vidole vikakunjamana. Madoa hayakujali. Halafu Profesa wake, mzee mpole asiyeweza kukaa mbali na kazi ya mwanafunzi, akaenda kung'oa jino. Siku hiyo taa zote ziliwaka safi. Profesa akarudi, shavu limevimba, na madoa nayo yakarudi.

Ndipo Tulizana alipomtazama vizuri. Kila mara kabla ya tone kudondoshwa, mzee aliinama juu ya kioo akakipuliza, fuu, kuondoa vumbi, kama mtu anayesafisha miwani. Ule unyevu wa kinywa ndio uliokuwa unautoboa utando.

Akamweleza fundi wa mitambo, mama mmoja ambaye kicheko chake hakikai mbali. Mama yule alicheka mpaka akaishika meza.

"Basi mwambie."

"Nimwambieje mzee wa watu kwamba pumzi yake ina kasoro?"

"Hapo mimi simo, shoga yangu. Mimi ni wa mitambo, na yule si mtambo."

Tulizana akajaribu hila. Alimwomba Profesa akae ofisini amsomee sura ya mwisho ya tasnifu yake. Profesa akaja nayo maabara, akaisoma kwa sauti, juu ya kioo. Tulizana akaleta barakoa kwa wote. Profesa alifurahi sana, akaivaa yake hadi puani. Wakati wa tone ulipofika, akaishusha kidevuni, akapuliza fuu, akairudisha kwa adabu. Fundi ilibidi atoke nje.

Mtihani ukawa ni kesho. Hakukuwa na njia nyingine. Tulizana akamfuata ofisini, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja sahani.

"Profesa, nisamehe. Nina neno, nalo halina mlango mzuri wa kuingilia."

"Liingize tu, mwanangu."

"Pumzi yako ndiyo inayoniharibia utando."

Mzee alivua miwani, akaipulizia, akautazama ule ukungu ukikauka taratibu kwenye kioo. Akauliza ni tangu lini. Akajibiwa ni tangu siku ya kwanza. Akavaa miwani, akachukua koti lake, akaondoka bila kuaga. Tulizana alirudi nyumbani akijua ameshampoteza mwalimu, na pengine mtihani.

Asubuhi watahini walimkuta Profesa mlangoni mwa maabara, amejifunga barakoa mbili. Kila aliyeingia alipewa yake na onyo juu. Mkuu wa watahini, mheshimiwa mwenye kitambi, alipoinama kuangalia kioo, mkono wa Profesa ulikuwa umeshafika mbele ya pua yake.

"Mheshimiwa, pumzi."

Watu wazima wale wakabana pumzi mpaka macho yakawatoka. Tone likadondoka, kioo kikazunguka, utando ukakauka, madini yakapakwa. Tulizana akaunga nyaya. Kijani kikawaka kioo kizima, laini, hakuna doa hata la dawa.

Mkuu wa watahini akataka aelezwe. Tulizana akafungua kinywa. Profesa akaweka kidole mdomoni, akaonyesha mlango.

Kwa hiyo alijitetea koridoni, amesimama kando ya ndoo za kupigia deki, watahini wakiandika magotini, taa ikiwaka ndani peke yake. Walipomaliza walimpa mkono na kumwita daktari.

Utando ukishafunikwa madini, mtu hata akiimba juu yake haudhuriki. Fundi alimnong'oneza Tulizana amwambie mzee, aliyekuwa bado ameuzuia mlango kwa mgongo.

"Mwambie wewe," alisema Tulizana. "Mimi zamu yangu nimeshamaliza."