Anwani Mpya ya Mokua

Mwaka wa tisini na tisa, kila mtu wa Mosocho mwenye ndugu Amerika alikwenda Kisii mjini, kwenye duka la fotokopi la Bipin, ambako barua pepe za wateja wote zilipitia anwani moja. Alpa, mkwe wa Bipin, ndiye aliyezichapisha. Matangazo ya bahati nasibu na dawa za upara yalipomzidi, akaweka chujio kwenye kompyuta: asiyeandikishwa kuwa mtu wa kuaminika, barua yake ilikwenda moja kwa moja kwenye takataka. Siku moja alichungulia humo kabla ya kufuta.

"Mogire, iko mtu kwa takataka anajiita Mokua," akasema. "Ati amemaliza chuo, ile anwani ya kwanza imefungwa. Nimuandikishe?"

Mogire alikuwa mdogo wake Mokua, aliyekwenda kusoma Amerika. Ndiye aliyebaki nyumbani akimkanda mama yao, Bosibori, miguu iliyovimba, na kila jioni aliulizwa lile lile: Mokua ameandika? Alikuwa amechoka. Kijicho kikampanda, wala hakukizuia.

"Huyo ni tapeli," akajibu. "Usimwache apite."

Miezi yote iliyofuata akawa anarudi na jibu moja: hakuna kitu. Alitaraji mama amkatie tamaa wa mbali, amgeukie wa karibu. Na kweli, Bosibori akaacha kuuliza. Mogire akafurahi, akawa anapiga mluzi akipasua kuni.

Kumbe mama alikuwa ameshaamua. Asubuhi moja akanyoa nywele.

"Mokua akiwa hai hawezi kuninyamazia," akasema. "Amekufa huko, na mwili hatutaupata. Kata mgomba tuuzike mahali pake."

Hilo si jambo la mchezo. Aliyezikwa kwa mgomba, hata akitokea siku moja na masanduku yake, haingii tena boma lile. Ni mzuka, anafukuzwa. Mogire alilijua hilo tangu utotoni. Neno moja tu lingetosha. Akafungua kinywa, akayawaza macho ya mama akishaujua ukweli, akakifunga. Akachukua panga, akaenda migombani.

Kaburi alichimba mwenyewe. Majirani walilia, naye akalia, kwa hofu. Mama akauvika mgomba sweta ya shule ya Mokua, akaulaza polepole kama anayelaza mtoto. Kisha akamtazama Mogire.

"Ungekuwa wewe umepotelea huko," akasema, "Mokua angekutafuta."

Mogire akainama, akaanza kutia udongo.