Harufu ya Kitanda cha Chiriku

Siku hiyo Msasa, fundi wa kung'arisha samani, alikuwa na furaha isiyo kifani. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa anakuja kukagua chumba chake, na akiridhika, binti yake Chiriku angetoka kwa bibi na kurudi kwake yeye mama. Pombe ndiyo iliyowatenganisha. Msasa alikuwa ameiacha, ingawa yenyewe ilikuwa bado inamwita.

Kwa kutaka chumba kipendeze, alikipiga kitanda cha mtoto polishi ya spiriti, akaongeza tabaka la pili na la tatu kabla ya la kwanza kukauka. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Na mazoea yana taabu: pua ya fundi haisikii spiriti tena.

Afisa, mama wa makamo, alifika amemshika Chiriku mkono. Akanusa, akakunja uso.

"Mama, humu mnanuka pombe."

Zamani Msasa angefoka. Safari hii alimeza mate.

"Ni polishi ya kitanda, dada. Sijanywa."

"Wote huniambia hivyohivyo." Alisema bila ubaya, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Chiriku akamvuta mama yake shingo, akaweka pua mdomoni pake.

"Chai," akatangaza. "Ya tangawizi."

"Nani kakufundisha hayo?" afisa akauliza.

"Nilikuwa namnusa kila akirudi. Ikiwa chai, navua viatu nalala. Ikiwa ile nyingine, nalala navyo, niwe tayari kukimbilia kwa bibi."

Msasa alihisi kama amechomwa kisu. Miaka yote hiyo alidhani ni mabusu.

Afisa akaketi kitandani. Alipotaka kuinuka, gauni likagoma, limenata. Akalibandua taratibu, akanusa kidole, kisha akacheka mpaka machozi.

"Haya, polishi imenikamata mwenyewe. Mtoto abaki. Nami nitapita tena, bila hodi."

"Karibu wakati wowote," alisema Msasa, na alimaanisha.

Mlango ulipofungwa, alipiga magoti mbele ya binti yake. Aibu ilikuwepo, lakini furaha iliizidi nguvu.

"Mwanangu, uendelee kuninusa. Kila siku."

"Hata mbele ya wageni?"

"Hata mbele ya wageni."

Chiriku akamnusa palepale, akainama, akavua viatu.