Kijicho cha Kabureta

Gari jekundu la daktari wa meno lilipita mbele ya gereji asubuhi ya Jumanne bila kupiga honi. Mwenye gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Kabureta, alikuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu nje. Hakuhitaji kuliona. Mlio wa gari lile aliujua kama anavyojua kikohozi cha mke wake: mngurumo mzito, kisha kifilimbi chembamba cha turbo dereva akikanyaga mafuta. Lilikuwa gari la mbio, milango miwili, lililoagizwa kutoka ng'ambo, na kwa miaka minane hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Siku hiyo kifilimbi kilipita, kikashuka mteremko, kikanyamaza penye kona. Penye kona palikuwa na gereji moja tu, ya dada yake.

Kabureta alitoka chini ya pikapu, akafuta mikono, akaifuta tena ingawa ilikwisha takata.

"Umeumia?" aliuliza mke wake, aliyekuwa amemletea chai.

"Nani kaumia?"

"Uso wako."

Dada yake alikuwa kitinda mimba. Baba yao alipofariki, ni Kabureta aliyemfundisha kushika spana, kufungua injini na kuifunga isibaki na skrubu ya ziada mezani. Kisha dada akaenda chuo, akarudi na mashine inayochomekwa chini ya usukani ikasoma ugonjwa wa gari kama karani anavyosoma barua. Sasa alikuwa na sakafu ya vigae na viti vya wateja, na watu walimwita Injinia. Yeye alibaki Kabureta. Jina hilo alipewa kwa heshima, maana aliweza kusimama kando ya barabara, gari likapita, akasema kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, imeziba wapi. Lakini magari yenye kabureta yalikuwa yakipungua kila mwaka, na siku hizi akiitwa hivyo alihisi kama anatajiwa ndugu aliyekufa.

Alikuwa ameanza tabia ambayo hakumwambia mtu. Akienda kununua mkate alizunguka kwa njia ya kona, akahesabu kwa jicho la pembeni magari yaliyoegeshwa kwa dada. Yakiwa mawili, mkate ulikuwa mtamu. Yakiwa saba, aliuacha mezani bila kuugusa. Na mama yao, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alizidi kutia chumvi kwenye kidonda: "Mwenzio kanunua jeki ya umeme. Umeiona? Inanyanyua gari kama mtoto."

"Nimeiona, Mama."

"Nenda akuoneshe."

Ndipo ikaja petroli mpya, iliyokuwa imetangazwa redioni tangu mwezi uliopita. Kituo cha mafuta kilibandika tangazo kwenye pampu: petroli yetu sasa imechanganywa na ethanoli, asilimia kumi. Madereva wakapata wasiwasi, hasa wenye magari ya kuagizwa na ya mbio, na wakamwendea Kabureta kuuliza kama ni salama. Hakuwa amewahi kupima mafuta hayo hata tone. Lakini alijibu.

"Ethanoli ni nini? Si pombe? Basi gari lako ukilinywesha pombe, usishangae likipepesuka."

Watu walicheka, naye akapata utamu wa kusikilizwa, utamu ambao hakuwa ameuonja siku nyingi. Kesho yake akaongeza kwamba magari ya turbo ndiyo yatakayokufa kwanza. Aliposikia kwamba dada yake anasema vingine, alivaa ovaroli safi akashuka hadi kona, mchana kweupe, wateja wakiwa wamejaa vitini.

"Karibu, kaka," dada alisema, akafuta kiti.

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Wewe ndiye unayewaambia watu haya mafuta hayana neno?"

"Sijasema hayana neno. Nimesema inategemea gari." Dada alizungumza taratibu, kama anayehofia kumwaga kitu. "Magari mengi ya miaka ya karibuni yametengenezwa kuyavumilia. Mtu asome kitabu cha gari, au kifuniko cha tangi, mara nyingi imeandikwa. La kuogopa ni gari kuukuu, au gari ambalo mipira yake ya kupitishia mafuta imebadilishwa ikawekwa ya ovyo. Na gari lisilale miezi na mafuta hayo tangini, maana ethanoli hunyonya maji."

"Na turbo?"

"Turbo haina ugomvi nayo. Ethanoli inasaidia mafuta yasilipuke kabla ya wakati, na injini yenye nguvu inapenda hivyo. Gari litakunywa zaidi kidogo, basi."

Mzee mmoja kwenye viti alitoa kalamu akaandika alichosikia. Kalamu ile ilimchoma Kabureta kuliko kijembe chochote. Miaka yote aliyosema, nani aliwahi kuandika?

"Tutaona," alisema, akaondoka.

Wiki ya tatu ya petroli mpya, gari jekundu lilizimika katikati ya mteremko, saa nne asubuhi, likinuka petroli. Mke wake alileta habari kutoka dukani. Kabureta aliweka spana chini polepole ili asionekane anafurahi, lakini alishuka mteremko nusu akikimbia. Alimkuta daktari wa meno kando ya barabara, koti jeupe mkononi, jasho shingoni.

"Wewe ulisema," daktari alimwambia. "Dada yako kaniambia niendelee tu. Sasa tazama!"

"Pole sana, Daktari. Mimi sikutaka kuingilia."

Aliita gari la kuvuta. Na ingawa gereji yake ilikuwa juu tu, hatua mia mbili, alimwambia dereva azungukie kona kwanza, eti barabara ya juu ni mbovu. Gari jekundu likapitishwa mbele ya viti vya wateja wa dada, pua juu, kama mfungwa. Kabureta alikaa mbele kando ya dereva akitazama mbele tu, shingo imenyooka.

Alipofungua boneti alikuwa anapiga mluzi. Chujio la mafuta lilikuwa limejaa chembe nyeusi kama masizi. Akafuata zilikotoka. Mipira ya kiwandani ilikuwa mizima, migumu kama iliyofungwa jana. Mmoja tu, ule unaorudisha mafuta tangini, ulikuwa umevimba na kulainika, na alipoubinya vidole vilizama. Kwa ndani ulikuwa unamomonyoka, na kila chembe iliyotoka ilienda tangini, ikavutwa na pampu, ikaziba chujio. Ulikuwa mpira wa kukata kwa mita, si wa gari lile. Na juu ya klipu zake mbili kulikuwa na tone la rangi nyekundu.

Mluzi ukakatika. Hakuna fundi mwingine aliyeweka tone la rangi kwenye klipu aliyoikaza. Ilikuwa sahihi yake. Akakumbuka: miaka minne nyuma, mpira halisi ulikosekana, daktari ana haraka, akakata kipande kutoka kwenye bunda lililoning'inia ukutani. Kwa petroli ya zamani kingedumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alifungua kasha la dashibodi kutafuta kitabu cha gari. Juu yake palikuwa na karatasi ya ukaguzi, mwandiko wa dada yake, tarehe ya Jumanne ile. "Mpira wa kurudishia mafuta si wa asili. Ubadilishwe kabla ya kutumia petroli mpya. Mengine yote salama." Daktari alikuwa ameikunja bila kuisoma.

Kabureta alikaa kwenye tairi. Dada yake aliliona lile tone. Haiwezekani asilione, tena analijua tangu ana miaka kumi na saba. Na hakuandika ni la nani. Ungedhani jambo hilo lingemlainisha moyo. Halikumlainisha. Lilimuuma. Kwa hiyo hata kwa utu amenipita, alijiambia.

Daktari alipopiga simu, Kabureta alisema, "Ni yale mafuta, Daktari. Yamekula mpira."

Halikuwa neno la uongo mtupu, na hilo ndilo lililolifanya kuwa baya. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba Injinia ameharibu gari la watu. Kabureta alipita kwenye kona akahesabu: gari moja. Alinunua mkate. Haukuwa na ladha yoyote.

Jumamosi dada alikuja mwenyewe. Hakuvaa uso wa ugomvi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Kaka, naomba niuone ule mpira. Kuuona tu."

Mpira ulikuwa mfukoni mwa ovaroli yake. Alikuwa anatembea nao tangu siku ile, hajui kwa nini.

"Nimeutupa."

Dada alimtazama. Kisha akautazama mfuko wake, ambao ulikuwa umelowa duara la mafuta.

"Sawa, kaka," alisema. Akaondoka.

Angemtukana, Kabureta angejibu. Angelia, angembembeleza. Lakini ile "sawa" ilimzunguka gereji nzima kama nzi. Saa sita alifunga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kliniki ya meno, akampita msaidizi aliyesema "subiri kidogo", akaingia ndani. Daktari alikuwa ameinama juu ya mama mmoja aliyelala kitini, mdomo wazi, pamba mashavuni.

"Daktari, si mafuta. Ni mimi." Akauweka mpira kwenye sinia la vifaa. "Huu niliufunga mimi miaka minne iliyopita, na haukuwa wa gari lako. Dada yangu aliuona, akakuandikia. Karatasi iko garini. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikakudanganya."

Mama wa kitini akageuza macho kumtazama Kabureta, kisha daktari, kisha Kabureta tena. Pamba ilimzuia kusema, lakini kesho yake haikumzuia. Mtaa ulipata habari zote.

"Ondoa uchafu huo kwenye sinia langu," daktari alisema hatimaye. "Na gari nitalipeleka kwa dada yako. Kabisa."

"Ndiyo, Daktari."

Kutoka pale alishuka kwenye kona. Hapakuwa na mteja. Dada alikuwa anafagia vigae vilivyokuwa safi.

"Nimemwambia ukweli," Kabureta alisema. "Ulijua. Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja vipi? Wewe ni kaka yangu."

"Nilikuonea kijicho." Neno lilimtoka kama jino.

Dada aliegemeza fagio ukutani. "Najua. Unapita hapa kununua mkate, na duka liko kule juu." Kabureta alitazama chini. "Na mimi je? Unadhani hii mashine niliinunua kwa raha? Nilikaa na wewe miaka mitano nikitega sikio. Wewe unasikia gari likiwa barabarani, mimi nimeinama juu yake sisikii kitu. Nililia, kaka. Nikaenda kutafuta kitu cha kunisikilizia."

Kabureta hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu wa kumwonea yeye wivu. Alikaa kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kizuri, na hilo nalo lilimuudhi kidogo.

Dada alifunga mpira halisi kwenye gari jekundu, akaosha tangi, akabadilisha chujio, na gari likaendelea kunywa petroli mpya bila kukohoa. Wateja walirudi kwake mmoja mmoja. Kwa Kabureta baadhi hawakurudi, na hakuwalaumu.

Mwezi uliofuata dada alimpigia simu: gari moja linatetemeka, na mashine inasema halina ugonjwa. Kabureta akashuka, akasimama kando, akafumba macho. "Vali. Silinda ya tatu." Ikawa hivyo. Mwenye gari akafurahi sana, akamshika dada mkono kwa mikono yake miwili: "Asante, Injinia, asante!"

Kabureta alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu, palepale pa zamani. Akakiacha kichome, akainama kuokota spana.

"Nani anashika taa?" aliuliza. "Tuifungue."