Likizo ya Omwenga

Jumamosi moja ya Disemba 1973, Yunia alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, katika kambi ya wachuma chai ya shamba moja upande wa Kericho. Binti yake Phelis alikuwa anafika likizo kutoka chuo kikuu, mwaka wa kwanza wa udaktari. Kambi nzima ilijua. Yunia alikuwa amehakikisha inajua.

Phelis alipotokea, nyuma yake alikuja Omwenga, amembebea sanduku kwa mkono wa kushoto. Omwenga alikuwa akichuma chai mstari uliopakana na wa Yunia. Mwezi wa Julai alilazwa kwa kifua katika hospitali ya shamba. Mke wake Syprose alipompelekea uji alikuta mtu mwingine kitandani, akaambiwa mumewe aliamka akaenda zake. Watu wakasema amepata mwanamke huko Mulot. Syprose alichekwa pale kwenye mfereji mpaka akawa anachota maji wakati wengine wako shambani.

"Mama, huyu ndiye tunayemsoma," Phelis alisema. "Nilimjua kwa vidole, vile vilivyo vyeusi kwa utomvu wa chai. Nilipofunga shule akanifuata."

Omwenga alikuwa amevaa koti jeupe la Phelis, limefungwa vifungo vyote, na alinuka ile dawa kali ya kuhifadhi maiti. Mkono wa kulia wa koti ulining'inia mtupu.

"Karibu ndani, shemeji," Yunia alisema. "Chai iko."

Omwenga alikataa kwa heshima. Alieleza kwamba tumbo lake limeachwa wazi tangu Alhamisi, na chai ingemwagika kwenye kiti cha watu.

Phelis alisimulia kama mtu anayetoa habari za shule. Mchuma chai aliyetoka mbali akifa katika hospitali ya shamba, wanasema hana jamaa, na gari linampeleka chuoni. Wanafunzi sita wanapewa mtu mmoja. Jina hawaulizi. Yeye mwenyewe alikuwa amemkata kifua na tumbo kabla ya kufika kwenye vidole. Yunia alisikiliza huku akichambua, ila sasa alikuwa anatupa majani na kuweka mabua.

Syprose akaitwa. Alisimama mlangoni, leso kiunoni, akamtazama mumewe.

"Kwa hivyo hukuwa Mulot."

"Nilikuwa chuo kikuu," Omwenga alisema.

"Wewe? Na darasa la pili lilikushinda."

Omwenga alicheka kidogo, huku ameshika tumbo.

Syprose alisema basi atampeleka kwao, ng'ambo ya Sotik, azikwe kama watu. Hapo Phelis aliinamisha kichwa. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki chuoni, kwenye pipa la dawa. Moyo pia. Na mtihani ulikuwa Januari. Kama Omwenga hayuko mezani, wote sita watarudia mwaka.

"Sitazika nusu mtu," Syprose alisema. Akamgeukia Yunia.

Yunia alijua anaulizwa nini. Wangeweza kwenda wote chuoni kudai mkono na moyo, na shule ya msichana ikaishia hapo. Alifikiria vile kambi ilishaanza kumwita Mama Daktari. Akasema mtihani kwanza.

Siku zile Omwenga alichuma chai kwa mkono mmoja. Nyapara hakuuliza alikokuwa. Alimwonyesha mstari, akamkaripia kwa kuchanganya majani magumu. Syprose alimpeleka mumewe hospitali ya shamba ili aandikwe kwamba ana mke. Karani alimtazama Omwenga, akamtazama Syprose, akasema yule mgonjwa aliamka akaenda zake, na tena hakuwa na jamaa.

Nyumbani, wakati wa kula, Phelis alimshika mama yake kifundo cha mkono. Alikipapasa taratibu kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta pa kuanzia, akataja jina la mfupa ulio pale. Hakuwa na ubaya wowote. Yunia alivuta mkono, na tangu siku hiyo anavaa sweta hata jua likiwaka.

Mama mwenye mtoto anayesomea udaktari, muulize huyo anayemsoma anaitwa nani. Muulize mapema, kabla hajazoea.

Januari walirudi. Syprose alimfunga mumewe blanketi, kwa sababu Omwenga alisema pale mezani kuna baridi, akamwambia Phelis amrudishe akiwa mzima. Phelis aliahidi.

Alifaulu vizuri sana. Likizo ya Aprili alikuja na Omwenga, ambaye sasa alikuwa amepungua mpaka anabebwa mgongoni, pamoja na wanawake wawili wa kambi ya chini walionuka dawa ile ile, wale ambao watu walisema wameolewa Bomet. Yunia alikwenda kwa jirani kuazima viti.